Mshipi wa Kusi

Wageni wengi wa Lamu huja wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, bahari ikiwa shwari na maji maangavu hata mtu akauona mchanga wa chini akiwa amekaa chomboni. Mimi nilichagua Julai. Mvuvi wa kaskazi ameandikwa na kupigwa picha vya kutosha: tanga limejaa, nguru na jodari wamelazwa chomboni, wachuuzi wamesimama ufuoni wakingoja. Hamu yangu ilikuwa kwa mvuvi wa kusi. Kwa miezi inayokaribia nusu mwaka bahari kuu humfungia mlango. Maji hupoa na kuchafuka, samaki hawapatikani alipowazoea, na nyumbani bado wapo wanaosubiri kitoweo. Nilitaka kujua anafanyaje.

Basi la kutoka Malindi lilipita Garsen na Witu, likatushusha Mokowe kabla ya adhuhuri. Upepo ulitupokea gatini. Wanawake walikuwa wamezikaza leso zao zisipeperuke, na kijana aliyetubebea mizigo hadi kwenye boti alivaa koti la sufu. Tulipoukaribia mji wa Lamu niliweza kuona, upande wa kusini, mawimbi yakivunjika meupe kwenye mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau. Mashua nyingi zilikuwa zimefungwa. Nyingine zilikuwa zimepandishwa mchangani na kuinamishwa ubavu, mafundi wakizitia kalafati, yaani wakishindilia pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kabla ya kuzipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake mtu haisahau.

Jioni katika uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, wazee walizungumza habari za upepo kwa kina ambacho watu wa bara hukiweka kwenye siasa. Kipupwe cha mwaka huu kimekaza, walisema. Mmoja alidai samaki wamehama. Mwenzake akamkatiza: samaki hahami, hujibana.

Kauli hiyo ya pili nilitembea nayo safari nzima.

Baridi ya Lamu si ya theluji, na msomaji wa Limuru au wa Mbeya atashangaa akisikia vipimo vyake. Machi na Aprili maji ya juu ya bahari ya Kenya hufika nyuzi 29 au 30. Julai na Agosti hushuka hadi karibu 25. Kusi huikoroga bahari, ikayachanganya maji ya juu yaliyopigwa jua na ya chini yaliyo baridi. Mawingu hukinga jua. Na upepo wenyewe huukausha uso wa maji na kuupokonya joto. Wakati huohuo mkondo wa pwani unaokwenda upande wa Somalia huongeza kasi. Kwa mtu, nyuzi nne au tano ni sababu ya kutafuta koti. Kwa samaki ni jambo zito zaidi, kwa kuwa hana moto wake mwilini. Jodari na wachache wa jamaa zake wanaweza kuhifadhi joto. Waliobaki, joto la miili yao ni lile la maji waliyomo. Maji yakipoa, chakula huchelewa kusagika tumboni, hamu ya kula hupungua, na samaki hukataa kupoteza nguvu kukimbiza windo lililo mbali.

Wavuvi wa maziwa ya Ulaya na Marekani wanalijua hili kwa kiwango tusichoweza kukifikiria. Ziwa lao likiganda juu, maji yaliyo mazito kuliko yote, yenye nyuzi 4, hutuama chini, na samaki hukaa humo bila kujisumbua. Mvuvi hutoboa barafu, akateremsha chambo kidogo mpaka karibu na mdomo wa samaki na kukitikisa polepole. Kwa upande wetu wa bahari, jamaa walioko Salalah wanaufahamu upepo huuhuu wa kusi kwa jina la khareef. Ukifika kule huyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, ya kilindini yakapanda kuchukua nafasi, na bahari ya Dhofar ikapoa hadi karibu nyuzi 20 huku sehemu nyingine za Oman zikiungua kwa jua. Lamu haifiki huko. Lakini huku baridi haiji peke yake. Huja pamoja na mawimbi, na tope, na mkondo mkali, na wavuvi niliokutana nao hawakuona faida ya kuvitenganisha. Kwao yote hayo ni kusi.

Nilikwenda Matondoni, kijiji cha waunda vyombo upande wa magharibi wa kisiwa. Huko nilikuwa nimeelekezwa kwa nahodha mmoja aliyevua tangu ujana wake na ambaye, nikaambiwa, huwa hakosi samaki Julai. Wote walimwita Ami, nami nikamwita hivyo. Alikuwa na mashua ndogo isiyo na mashine na baharia mmoja, mtoto wa dada yake, kijana mrefu asiyesema sana.

"Ami, leo hatutoki nje?" nilimuuliza, nikionyesha upande wa bahari kuu.

"Nje kuna nini, mwanangu? Kusi haina adabu mwezi huu. Twende ndani."

"Ina maana samaki nao wameingia ndani?"

Alinitazama kwa muda. "Baadhi. Tewa mkubwa wa mwambani yuko kulekule, hajaondoka. Sisi ndio hatumfikii. Lakini ndani wapo walio wetu, na wakati huu hao ndio wa kuwajua."

Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapopwa na kujaa kupita siku nyingine. Katika visiwa hivi maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Kati ya kupwa na kujaa kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu kwenda juu. Mtu asiyelijua hili hawezi kuelewa lolote la uvuvi wa Lamu wakati wa baridi. Tuliondoka saa mbili tukifuata maji yanayotoka, tukaingia mkono mmoja wa maji unaopenya kwenye mikoko ya upande wa bara. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, na ukiwa ndani yake, huku upepo ukipita juu ya vichwa vya miti bila kukugusa, unaelewa kwa nini samaki mdogo hapendi kutoka.

Kijana alitupa kimia mara kadhaa kando ya matope akapata kamba wadogo na mikizi wawili. Hicho ndicho kilichokuwa chambo. Kisha tukatia nanga kwenye shimo, mahali ambapo mkono ule unapiga kona na maji yamechimba chini. Ami alinieleza kwamba maji yakipwa kabisa, samaki waliokuwa wametawanyika mikokoni hawana pa kwenda ila kwenye mashimo ya namna hiyo. Wamejazana, na wamepoa. Hapo hawali sana. Tulikuwepo mapema kwa sababu alitaka chombo kiwe kimetulia, kamba ya nanga isiguseguse, kabla maji hayajageuka.

Wakati tukingoja alinitandazia vifaa vyake ubaoni. Kushoto aliweka vya kaskazi: mshipi mnene, ndoana kubwa, chubwi zito, kibua mzima kwa chambo. Kulia aliweka vya kusi, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Mshipi ulikuwa mwembamba. Ndoana ingeweza kujificha chini ya ukucha wangu wa kidole gumba. Chubwi lilikuwa kipande kidogo cha risasi alichokigonga mwenyewe, kizito kiasi cha kukipeleka chambo chini bila kukigandisha hapo. Alimmenya kamba, akamkata, akakivisha kipande kwenye ndoana mpaka chuma chote kikafunikwa, ncha tu ikibaki imejitokeza kidogo. Ganda na kichwa cha kamba hakuvitupa. Alivisaga kwa jiwe pamoja na utumbo wa mkizi, akauacha mchanganyiko ule kwenye kifuu.

"Maji ya kusi ni machafu," alisema. "Samaki haoni. Hunusa."

Tope hilo lina asili yake. Mto Tana humwaga maji yake kusini mwa visiwa hivi, na masika yakiwa mazito mto huleta udongo mwingi. Mkondo wa kusi huusukuma kuja huku. Mawimbi nayo huamsha matope ya chini kwenye maji mafupi. Kwa mvuvi wa mshipi hiyo ni taabu, lakini mpwa wa Ami, ambaye hapo ndipo alipofungua mdomo, aliniambia kwamba kwa mwenye jarife ni neema. Wakati wa kaskazi samaki huuona wavu mchana, ndiyo maana wenye jarife hutega usiku. Kusi maji yakichafuka wavu hautambuliki, nawe unaweza kutega mchana kweupe na kulala nyumbani kwako.

Maji yalipwa, matope yakabaki wazi pande zote, meusi, yakitoa mvuke kidogo jua lilipotokeza kati ya mawingu. Yalikaa hivyo karibu saa mbili. Kisha maji yakaanza kurudi. Ami aliniambia nitie mkono upande wa shimo. Maji yalikuwa baridi. Baada ya muda, tulipojisukuma kwa pondo hadi kwenye ukingo ambapo maji mapya yalikuwa yakitambaa juu ya matope, aliniambia nitie tena. Yalikuwa na uvuguvugu wa wazi kabisa. Jua limeyapiga matope muda wote yalipokuwa wazi, na maji yanayopita juu yake huchukua lile joto. Hapo ndipo samaki aliyepoa shimoni huamka. Hufuata ukingo wa maji ya moto kwenda mikokoni, njaa imemrudia, na kwa muda mfupi huo hula.

Jambo hili limenishughulisha sana tangu siku ile. Nimewahi kusoma maelezo mengi kuhusu uvuvi wa pwani yetu ambamo mvuvi wa kienyeji anaonyeshwa ni mtu anayebahatisha. Mzee huyu hana kipimajoto. Anajua saa ya jua kupiga matope, saa ya maji kurudi, na kwamba viwili hivyo hukutana vizuri wakati wa bamvua tu. Maji mafu, yasiyopwa wala kujaa sana, yakiingia, saa hugeuka, matope hayakauki mchana, na yeye hubadilisha mahali na chombo cha kuvulia. Hiyo ni elimu, tena ya kupimwa kila siku kwa kitoweo.

Alikimimina kile kifuu majini kidogokidogo upande wa juu wa mkondo. Akateremsha mshipi, akaulaza juu ya kidole cha shahada, kidole gumba kikiugusa kwa mbali, mkono ukiegemea goti usitikisike. Nilifuata. Kidole changu hakikusikia kitu. Yeye aliinua kifundo cha mkono kwa upole, akavuta changu wa kiganja kimoja na nusu.

"Umejuaje?"

"Wa kaskazi hupiga, utadhani anakudai. Huyu wa sasa huonja. Onjo la kwanza mwachie. La pili mwachie. Mshipi ukiwa mzito bila sababu, hapo yumo."

Ukivuta kwa pupa kwenye onjo la kwanza, alieleza, unamnyang'anya chambo mdomoni, naye kwa baridi hii hatakifuata tena. Mwezi wa Machi angekifuata kwa hasira. Kijana akaongeza kwamba hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi, ila Julai mkizi hana hasira. Ami alicheka hadi akakohoa. Baadaye, baada ya kupotezewa vipande vingi vya kamba, nilianza kuusikia ule uzito. Ni hisia ndogo mno: kile kipande cha risasi ambacho mkondo ulikuwa ukikiyumbisha chini kinaacha kuyumba. Basi. Tulipata changu, chaa wa kutosha, na kolekole wadogo wawili ambao mmoja alirudishwa majini. Maji yalipokaribia kiuno cha mikoko, kuonja kukakoma. Samaki walikuwa wamekwisha kuingia kati ya mizizi, mahali mshipi haufiki.

Kwa hao walioingia mizizini Ami ana malema. Lema la fito lililosukwa, mdomo wake mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, hutegwa kwenye njia ya maji likielekezwa mikokoni, ili samaki anayetoka na maji ya kupwa aingie mwenyewe. Wakati wa kaskazi, kule mwambani, huliinua kila siku. Wakati wa baridi huliacha mpaka siku ya pili au ya tatu, kwa sababu samaki asiye na haraka ya kula hana haraka ya kuingia mtegoni. Tuliinua moja likiwa na tasi wanne na kaa mkubwa wa matope aliyekuwa amewatisha mpaka wamejibanza upande mmoja. Tasi mmoja mdogo alipenyezwa nje kati ya fito.

Usiku ule, nyumbani kwa Ami, tulikula samaki wale kwa mkate wa mofa, tukazungumza mpaka taa ikaishiwa mafuta. Nilimwuliza kinachomuudhi zaidi wakati wa kusi. Nilidhani atasema mawimbi. Akasema juya.

Juya la kukokota limepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Pwani nzima inajua, na pwani nzima inajua pia kwamba marufuku hiyo haitekelezwi sawasawa. Ubaya wa juya uko mwaka mzima, lakini kusi huuzidisha. Vyombo vyote vidogo hurundikana kwenye maji ya ndani, na maji hayo ndimo wanamokulia samaki wadogo ambao wakikomaa watatoka kwenda mwambani. Wavu wa macho madogo ukikokotwa kwenye mkono mmoja mwembamba, huku samaki wamepoa na hawana mbio, hauachi kitu. Mshipi wa Ami huchukua mmoja mmoja na lema lake humwachia mdogo. Mimi siamini kwamba wenye juya ni watu wabaya. Wengi ni maskini kuliko wenye mashua. Naamini tu kwamba visiwa hivi vina ghala moja la miezi ya baridi, na ghala hilo ni mikono ya maji ya mikokoni. Likiharibiwa hakuna jingine.

Niliondoka Lamu kwenda Pate kwa boti ya abiria inayopita mlango wa Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara. Kwa miaka mingi ulipitika maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo safari zilipangwa na bahari, abiria wakangoja. Baada ya Mkanda ghuba ya Manda hufunguka, na upande wa bara zikaonekana winchi za bandari mpya. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021. Kwa ajili yake sakafu ya bahari ilichimbwa ili meli kubwa zipite, na matope ya uchimbaji huo yakaenea kwenye maji ya wavuvi. Kesi juu ya mradi huo ilikuwa imefunguliwa tangu 2012 na Mohamed Ali Baadi na wenzake, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Mvuvi mmoja wa Pate aliyekaa karibu nami alinyoosha kidole. Alisema watu wa mbali wakisikia fidia hudhani bahari ni moja, ukizuiwa hapa unakwenda pale. Wakati wa kaskazi ni kweli kiasi fulani. Lakini ghuba ya Manda ilikuwa kimbilio la kusi: Manda na Pate huikinga na mawimbi, na chombo kidogo kiliweza kuvua humo upepo ukivuma utakavyo. Anayeondolewa hapo Julai ana wapi pa kwenda? Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata. Hoja hiyo ya majira ningependa kuiona imeandikwa waziwazi katika kila mpango wa maendeleo ya pwani hii. Eneo la uvuvi lina thamani moja Januari na thamani nyingine kabisa Julai.

Tulishukia Mtangawanda, nikaendelea hadi Faza na mwishowe Kizingitini, upande wa Pate unaotazama bahari kuu. Kizingitini ni mji wa kamba mawe. Wakati wa kaskazi wapiga mbizi wake hushuka mwambani wakiwa na miwani na kimia cha mpini, na baadhi yao humtumia pweza: humfunga kwenye fimbo, wakamwingiza pangoni, na kamba mawe anayemwogopa pweza kuliko kitu chochote hutoka mbio na kuingia wavuni. Julai hakuna wa kufanya hivyo. Mpiga mbizi mmoja aliyekuwa akishona wavu kwenye kivuli alinieleza kwamba ukishuka sasa huoni mkono wako mwenyewe, wimbi linakupigiza kwenye mwamba, na baridi inakuingia mifupani kabla hujapata pango la kwanza. Wanunuzi wa kamba mawe hupungua. Wanaobaki na biashara ni kina mama wenye ng'onda, samaki waliopasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa tangu miezi ya neema.

Alisema jambo jingine lililonifurahisha, kwamba wakati huu mwamba unapumzika. Hakuna anayeufikia, na maji yake ni baridi. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na mengi yakafa, yakiwemo ya upande wa Kiunga, ambako hifadhi ya bahari imekuwepo tangu 1979. Baridi inayomfanya mvuvi akae na njaa ndiyo inayoyapa matumbawe nafuu baada ya jua la Machi na Aprili. Yeye alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kipato cha maana mwezi ule, na bado alilisema bila uchungu wowote.

Wazee wa Kizingitini walihesabu siku zilizobaki kwa Nairuzi, ule mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa kuwa hauongezewi siku kila baada ya miaka minne, husogea polepole, na siku hizi mwaka huo huanza kwenye Julai au Agosti. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipanga safari zao kwa hesabu ya namna hiyo kwa karne nyingi. Ahmad ibn Majid aliitumia katika karne ya 15. Mzee mmoja alinionyesha kwa vidole ni mwongo upi ambao kusi itaanza kulegea na demani kuingia, bahari ifunguke kidogo, vyombo virudi nje.

Vijana wengine hawangoji. Wana mashine za nguvu na wanatoka Julai hiyohiyo, wakirudi mara nyingine na samaki wakubwa, mara nyingine na hasara ya mafuta peke yake. Nilikaa na kundi lao gatini. Nilipowaeleza nilivyoona Matondoni, ndoana ndogo, kamba aliyemenywa, na kuuacha mshipi mpaka uwe mzito, walisikiliza kwa makini ambayo sikuyatarajia. Mmoja alikuwa ameacha kutoka nje tangu kusi iliyopita, chombo chao kilipojaa maji karibu na mlango wa bahari. Sasa alikuwa anavua ndani, upande wa Ndau, na alikuwa na majibu yake mwenyewe. Kule mkondo ni mkali, akasema, chubwi dogo haligusi chini. Lazima uongeze uzito lakini uuweke mbali na ndoana, urefu wa mkono mzima, ili chambo kibaki huru. Na kamba aliyemenywa huchomoka upesi kwenye mkondo ule. Yeye hutumia kaa: humvunja, hukifunga kipande cha mguu kwenye ndoana kwa uzi mwembamba wa kushonea, na samaki hukifuata kwa harufu hata maji yawe machafu namna gani.

"Mwambie huyo mzee wa Matondoni ajaribu," aliniagiza.

Nilirudi kwa Mkanda na maji ya kujaa. Ami nilimkuta ufuoni akipitisha uzi kwenye lema lililotoboka. Nilimpa ujumbe wote kama ulivyo: uzito mbali, kaa, uzi wa kushonea. Alisimamisha kazi. Aliuliza mkondo wa huko Ndau una kasi gani, kina chake ni pima ngapi, uzi ule unazungushwa mara ngapi. Niliyoyajua nilimjibu. Kisha akamwita mpwa wake asogee naye asikie, akaniuliza:

"Kaa gani lakini? Wa matope, au wa mwambani?"